Mwenye Rasimu Hukaa Nje

Nalala. Sikupanga kulala, ni makande ya mchana na joto la bati, na kichwa changu kinatua juu ya kamusi kubwa ya Kiebrania ambayo nimeifungua kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa, na chini ya kiganja changu cha kushoto ipo karatasi ya wasikilizaji, na katika karatasi ile nimeandika neno moja la uongo. Kamati inakutana saa tisa. Sasa ni saa nane na kitu, usingizi unakuja na harufu ya tangawizi kutoka jikoni kwa usharika, na kabla sijazama namwona Nakijwa, kama ninavyomwona kila nikifumba macho siku hizi, amesimama na rasimu yake kifuani, na wivu unanipanda kooni kama kiungulia. Niseme wazi kwamba ni wivu. Si uchovu, wala si wasiwasi wa kitaalamu kama nilivyomwambia mchungaji. Mimi Kajiru, mfasiri mkuu wa Maandiko katika lugha yetu ya milimani, mtu wa miaka hamsini na nane mwenye wajukuu, namwonea wivu binti aliyekuwa darasa la pili wakati mimi naanza sura ya kwanza. Alikwenda kusoma Kiebrania huko kinakozungumzwa hadi sokoni, akarudi baada ya miaka miwili, na kitu ninachokichimba wiki nzima kwa kamusi, yeye anakiokota huku anacheka.

Ofisini kwetu kuna utaratibu ambao niliuanzisha mimi mwenyewe, Mungu naye ana utani wake. Rasimu ikikamilika inasomwa kwa sauti mbele ya wazee watatu wasiojua kusoma, kisha wazee wanasimulia walichosikia, na mtu mmoja anaandika maneno yao vilevile yalivyotoka mdomoni, kabla chai haijaletwa. Na mwenye rasimu hukaa nje. Hukaa chini ya upenu ili wazee wasimwonee haya, waseme kweli, na yeye hatakiwi kujua walichosema mpaka karatasi isomwe mbele ya kamati. Leo asubuhi rasimu ilikuwa ya Nakijwa na mwandishi nilikuwa mimi. Ni ile sura ya kuumbwa kwa mwanamke wa kwanza. Kuna neno pale, tsela, ambalo wafasiri wa kale walilifanya ubavu, na mimi nikalifanya ubavu, na ubavu wangu umehubiriwa kwenye harusi zote za milima hii. Lakini neno hilohilo, kwingine katika Maandiko, ni upande wa jengo, upande wa hema, upande wa kilima, na Nakijwa akaandika upande. Mungu alichukua upande mmoja wa mtu. Bibi Nankondo, mmoja wa wale wazee watatu, alisikia hivyo, akaanza kulia, akasema maneno ambayo nitayasema, ila siwezi kuyasema bado. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyelia kwa sentensi yangu hata moja. Wanaitikia, wanasema tumesikia, mwalimu, halafu wanaulizia chai. Basi nikaandika hawakuelewa, kwa sababu rasimu isiyoeleweka hurudishwa kwa mfasiri mkuu, na mfasiri mkuu ni mimi, na ubavu utarudi mahali pake. Nakijwa alimwona bibi anatoka anajifuta macho kwa kanga, akaniuliza, mwalimu, nimemuumiza? Nikamwambia, wazee wamechoka tu.

Nalala, basi. Ukurasa unalainika chini ya shavu langu, herufi zinakua, na mojawapo ina miguu miwili na dari, nami napita katikati ya miguu yake, nainama kidogo, na nikiinuka niko barabarani. Ni barabara nyekundu isiyo na mwisho wala mwanzo, inapinda, inarudi ilikotoka, inapinda tena. Mgongoni nasukumwa na upepo, au ni pumzi, au ni roho, katika lugha ile ya kale vyote vitatu ni neno moja, na huku pia sijui ni kipi kati yake kinachonisukuma. Mbele yangu amesimama mtu aliyevaa koti la mzee wa kanisa, limepigwa pasi vizuri, na juu ya kola hakuna uso, kuna karatasi nyeupe ambayo haijaandikwa kitu. Na walisema nini? ananiuliza. Nani hao? Wale uliowasikia wewe peke yako. Namwambia sina muda wa mafumbo, nina kamati saa tisa, anionyeshe njia. Anasema, njia zote zinafika kamatini, ila zote zinapita kwenye nyumba za watu. Anageuka na kutembea, na mimi namfuata kwa sababu hakuna mwingine wa kumfuata.

Mji wa kwanza unajitokeza bila kukaribia. Milango yake ni mipana ajabu. Fundi seremala yuko juu ya ngazi anaongeza upana wa mlango ambao tayari ng'ombe wawili wangepita sambamba, namuuliza, fundi, mlango wote huu wa nini? Pembe, mzee wangu, anasema, si Musa alishuka mlimani na pembe? Ananionyesha ukutani. Musa amechorwa ameshika mbao za mawe, na kichwani ana pembe mbili za beberu. Nalijua neno lile, naliona hata ndotoni. Ni herufi tatu tu, na zamani waliandika bila irabu, basi msomaji mmoja anaona uso uliotoa miali na mwingine anaona uso uliotoa pembe, na yule wa pembe akaandika kwa Kilatini, na wachongaji wakamwamini kwa mamia ya miaka. Namwambia fundi, inawezekana ulikuwa mwanga tu. Anacheka hadi ngazi inatikisika. Mwanga utauchongaje, mzee wangu? Pembe hata mtoto anazielewa. Na kweli watoto wanapita mbio na pembe za mbuzi zimefungwa kwa kamba kidevuni, wanapigana vichwa, wanacheka. Lakini ng'ambo ya barabara kuna nyumba tupu, mstari mzima, milango imepigiliwa misumari. Na hawa wamekwenda wapi? Fundi anaacha kucheka. Ndugu zake Musa walikuwa wanakaa hapo, anasema. Tuliwafukuza. Watoto walikuwa wanaogopa, si unajua mwenyewe mwenye pembe ni nani. Namuuliza, walikuwa na pembe? Hapana, anasema, tulikagua. Anarudi kwenye randa yake, na maranda yanatuangukia mabegani.

Na walisema nini? anauliza yule asiye na uso. Namwambia hilo si langu, ni la watu wa kale, mimi katika sura ile niliandika kwamba uso wa Musa uling'aa. Na si uongo, niliandika hivyo, tena niliibishania kamatini siku mbili. Basi upo mji wangu, namwambia, nipeleke. Barabarani kuna dimbwi la maji, na ndani ya dimbwi mji uleule umepinduka, natia mguu ndani na tayari tumo. Hapa milango ni myembamba na watu wamejifunga vitambaa machoni. Ukutani pale pale Musa hana pembe, hana hata pua, uso wake wote ni manjano, na mchoraji anazunguka nyumba kwa nyumba anaomba manjano ya kupikia kwa sababu rangi imemwishia. Mwanga ni mkali, lenzi za miwani yangu zinapata moto, naivua, naiweka juu ya ukingo wa kisima. Nimefurahi. Naomba niseme, nimefurahi kupita kiasi, huu ni mji uliojengwa juu ya neno langu, natafuta jiwe lenye jina la mfasiri kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Nalipata, na bila miwani nalazimika kuweka pua yangu karibu na jiwe, na jiwe linasema, imefasiriwa na Nakijwa. Napiga kelele. Sura hii ni yangu! Niliifasiri huyu Nakijwa akiwa bado ana mapengo! Mchoraji anageuza kitambaa chake upande wangu na kunijibu kwa upole, inawezekana, baba, lakini yeye ndiye aliyetusomea. Na jina lake analitamka vizuri, wote wanalitamka vizuri, mama anayechota maji, mtoto anayempa manjano kwenye kijiko, wote wanasema Nakijwa kama wanavyosema sukari. Nachuchumaa. Chini kabisa ya jiwe, kwa herufi ndogo, kumeandikwa karani, Kajiru.

Nalikwangua jina lake kwa ukucha. Sijivunii, lakini nalikwangua, na ukucha unavunjika na jina linazidi kuingia ndani ya jiwe. Sitaki kumshinda tu, nataka awe hajawahi kuwepo, nataka irudi ile miaka ambayo mimi nilikuwa peke yangu na kamusi na hakuna wa kunilinganisha naye. Asiye na uso anasimama juu yangu. Ukilifuta, anauliza, ni nani atakayekusoma wewe? Namwambia achana na mimi. Namwambia anipeleke kwenye mji wenye jina langu, nao lazima upo, miaka kumi na tisa haiwezi kukosa hata mtaa. Upo, anasema. Ni huu uliokuwa unakaa siku zote.

Nasikia tarumbeta. Bendi ya usharika inapiga, kijana wa besi amevimba mashavu, na juu ya barabara limefungwa tao la majani ya migomba, na juu ya tao kuna maandishi makubwa ninayoyasoma hata bila miwani, karibu mwalimu Kajiru. Wanaume wananipa mikono. Nataka kulia kwa furaha, na karibu nalia, mpaka nawaona wanawake wao. Kila mwanamke ni mwembamba na amepinda, amesimama ubavuni kwa mwanamume wake, upande wa kushoto, amefungwa pale kwa kanga, na mwanamume akigeuka naye anageuka. Hawanipi mkono kwa sababu mikono yao imo ndani ya kanga. Na nyumba. Kila nyumba ina upande mmoja wa ukuta, na bati limeegemea pale na mwisho wake wa pili umelala chini kwenye matope, na mvua inanyesha, na watu wanakula wameinama. Jamani, nyumba zenu vipi? Mwanamume mmoja ananijibu kwa heshima zote, mwalimu, tuna upande mmoja, wa pili hatukuambiwa. Namjua. Ni Mzee Mcharo, mume wa Bibi Nankondo. Namuuliza, mama yuko wapi, simwoni. Anaingiza mkono mfukoni mwa koti, anamtoa. Yuko mkononi mwake, mdogo kama kidole, ameshikilia kanga yake isimvuke, na macho yake ni yaleyale ya asubuhi.

Bibi, namwambia, napiga magoti kwenye matope ili nimfikie, bibi, sema yale ya asubuhi. Yaseme tena hapa, wakusikie. Anafungua kinywa. Hatukuelewa, anasema. Hapana bibi, ulisema jambo, ulilisema vizuri. Anajitahidi, naona mishipa ya shingo yake ndogo, anafungua tena kinywa kwa nguvu zote. Hatukuelewa. Anajishika mdomo, anashangaa sauti iliyotoka. Mzee Mcharo ananitazama kana kwamba nimempa zawadi, anasema, ndivyo alivyo, mwalimu, haelewi, na anamrudisha mfukoni na kupiga mfuko juu yake taratibu. Bendi inaanza tena. Nageuka namtafuta asiye na uso, yuko nyuma yangu, mvua haimlowanishi. Nifanye nini? Kalamu iko mfukoni mwako, anasema, na anainama, anauleta uso wake mweupe mbele ya mkono wangu, karibu kabisa, nasikia pumzi. Na walisema nini?

Naandika. Mkono wangu, niutajeje mkono huu, unaanza na ha. Hata pale, magotini, na mama wa watu yumo mfukoni, mkono wangu unataka kuandika hawakuelewa, kwa sababu ninamwona Nakijwa akipigiwa makofi na kamati, na bora mji mzima ulowane kuliko kusikia makofi yale. Nausimamisha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Najitetea, namwambia asiye na uso, lakini huenda ni ubavu kweli! Huenda wa kale walikuwa sawa, neno lile lina utata, mimi na kamusi hatujui, hata Nakijwa hajui kwa hakika. Anasema, sikukuuliza neno. Na ni kweli, hakuniuliza neno. La Kiebrania lina utata, ila alichosema Bibi Nankondo hakikuwa na utata wowote, nilikisikia kwa masikio yangu, nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nafuta ha kwa kidole. Naandika, herufi kwa herufi, vilevile yalivyotoka mdomoni. Miaka arobaini na saba nimeitwa kipande. Mume wangu akikasirika ananiambia, wewe ni mfupa wangu mmoja tu, na mimi naitika, maana imeandikwa. Leo nasikia mimi ni upande wa nyumba. Mwanangu Kajiru, ukiondoa upande wa nyumba, paa linakaa wapi? Mbona hamkuniambia mapema, nilipokuwa bado na nguvu za kufurahi?

Wino unaingia kwenye karatasi, na pale maneno yanapokaa panakuwa na nyusi, panakuwa na mdomo, uso unakuja polepole, na ni wa Nakijwa, alivyokuwa asubuhi chini ya upenu, kichwa ameinamisha, anasikiliza sauti za ndani bila kuwa na hakika kama analaumiwa au anapendwa. Ni uso mzuri. Unang'aa. Na mimi, nisijifanye malaika, nauonea wivu palepale, wivu uleule, haujapungua hata tone, ila mkono umeshaandika. Upepo unavuma, au pumzi, na karatasi inaruka.

Naamka, au barabara inapinda tena na kunifikisha hapa. Shavu langu limeloa mate na limebaki na alama za kamusi. Kalamu iko mkononi, haina kifuniko. Karatasi ya wasikilizaji iko chini ya kiganja changu na ina maandishi, naona rangi ya wino, lakini ni neno moja au ni mistari mingi siwezi kusema, kwa sababu sina miwani. Napapasa mezani, napapasa kichwani, mfukoni, chini ya kiti. Hakuna miwani. Nakumbuka mahali nilipoiacha, na kisima kile hakimo katika kijiji chetu.

Mlango unafunguka. Mwanga wa nje unaingia wote kwa pamoja, na katikati yake amesimama mtu, naona gauni, naona vikombe viwili vinatoa moshi, lakini uso siuoni, pale pa uso ni mwanga mtupu. Shikamoo, mwalimu. Ni sauti ya Nakijwa. Marahaba. Wajumbe wamefika, anasema, wako chumba cha pili wanasubiri karatasi. Anaweka kikombe mbele yangu, tangawizi, na hasogei kutoka kwenye mwanga.  Kisha anauliza, mwalimu, na walisema nini?

 Natazama meza, siinui macho, naogopa nikiinua nisikute kitu juu ya kola ya gauni lile. Utaratibu hauruhusu kumwambia, ni utaratibu wangu, lakini nafungua kinywa, nikiogopa sauti itakayotoka, na inatoka sauti yangu ya kawaida, imekwaruza kwa usingizi. Alisema miaka arobaini na saba ameitwa kipande, namwambia. Alisema leo amesikia kwamba yeye ni upande wa nyumba. Alituuliza mbona hatukumwambia mapema. Wote watatu walielewa, Nakijwa. Walielewa kuliko walivyowahi kunielewa mimi, na jambo hilo linaniuma, naomba ulijue, linaniuma hapa. Najigonga kifua kama mtoto.

Ukuta ule ni wa mbao, mwalimu, anasema taratibu. Nilisikia kila neno, hata kabla sijakuuliza. Nilikuwa nasubiri nilisikie kwako. Anaichukua karatasi kutoka chini ya mkono wangu, nasikia inavyokwaruza meza. Na hapa umeandika nini?

Sijui, namwambia. Nimeiandika mara mbili na sijui ni ipi iliyobaki. Kawasomee, soma kwa sauti, vilevile ilivyo, na yale niliyokwambia sasa nayo uwaambie. Kisha nasimama, magoti yananiuma kama mtu aliyepiga magoti kweli, naiacha kamusi wazi, nampita mlangoni bila kuinua macho, nimepita karibu hata nikasikia pumzi yake. Unakwenda wapi, mwalimu, kamati inakusubiri wewe! Nje, namjibu. Karatasi ile ni rasimu yangu. Mwenye rasimu hukaa nje.

Nasimama chini ya upenu, pale pale aliposimama yeye asubuhi, udongo bado una alama za viatu vyake na mimi naweka vyangu juu yake. Sikujua kwamba hapa jua linachoma hivi. Sikujua kwamba mtu akisimama hapa anahesabu mbao za ukuta. Ndani viti vinaburutwa, mtu anakohoa, Nakijwa anaanza kusoma, na sauti inapenya kwenye mbao, ila ni kutoka chumba cha pili, na nusu ya maneno inabaki huko. Naweka sikio ukutani. Mbele yangu, zaidi ya jiko la usharika, kuna barabara nyekundu inapinda, na kwa miaka kumi na tisa niliyofanya kazi hapa siikumbuki barabara hiyo. Nasikia usomaji umefika mwisho. Nasikia mtu mmoja ndani anaanza kulia, au anacheka, na kutoka huku nje siwezi kujua.